Fungu la genge: namna ya kulisoma, kuchagua mboga na kuipika

Genge ni meza, kibanda, au hata turubai lililotandikwa chini ya mwembe, ambapo mboga, matunda na viungo vinauzwa kwa kiasi cha kupika leo. Kwa sisi tunaoishi kandokando ya barabara ya Bagamoyo, kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo mjini, na kwa wenzetu wa ndani kule Fukayosi na Kiwangwa, genge ndilo duka la kwanza la chakula. Wengi wetu hatununui mboga ya wiki nzima. Friji hakuna, au ipo na umeme unakatika, na hela ya mboga yenyewe inapatikana siku hiyo hiyo. Basi kila jioni swali ni lile lile: mkononi nina shilingi 2,000 au 3,000, nyumbani tuko watano, nipike nini?

Tukianza kuzungumzia bei za vyakula hewani, simu za wasikilizaji huwa hazikatiki, na nyingi ni za malalamiko juu ya nyanya. Ndiyo sababu tumeandika makala haya. Tutaeleza genge linavyopanga bei zake, namna ya kujua nini cha kununua leo, na jinsi ya kupika ili ulichonunua kisiishie kwenye maji ya kumwaga.

Jambo dogo kabla hatujaendelea. Kwetu Pwani neno "mboga" linabeba mengi: samaki ni mboga, maharage ni mboga, hata dagaa ni mboga. Hapa tukisema mboga tunamaanisha majani na matunda ya kupika, yale yanayopatikana gengeni.

Bei haipandi, fungu linapungua

Vitu vingi vya genge haviuzwi kwa mizani. Vinauzwa kwa fungu. Mwenye genge amenunua nyanya kwa tenga, kreti au ndoo, akalipa nauli ya mzigo na ushuru, na zingine zimepondeka njiani. Anapokaa kupanga mafungu asubuhi, hesabu yote hiyo imo kichwani mwake, pamoja na zile anazojua zitamwozea kesho.

Sasa angalia anavyofanya nyanya zinapoadimika. Mara nyingi hasemi fungu la 500 sasa ni 800. Wateja wake wanakuja na sarafu ya 500, na chenji ni shida. Anachofanya ni kupunguza nyanya. Fungu lililokuwa na nyanya sita kiangazi linakuwa na nne, halafu tatu, na katikati ya masika unaweza kukuta mbili kubwa na moja ndogo iliyowekwa juu ili fungu lisimame. Bei ni ile ile ya mia tano, lakini umelipa mara mbili.

Kwa hiyo kuuliza bei peke yake hakutoshi. Hesabu kilichomo. Ukipita kwenye genge, pitisha macho mafungu yote na ujiulize lipi limenenepa tangu juma lililopita na lipi limekonda. Lililonenepa ndilo lenye msimu, na mara nyingi ndilo lililotoka karibu. Sufuria ya leo ianzie hapo. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunaanza na nyanya na vitunguu kwa sababu tumezoea hivyo, nusu ya hela inaishia hapo, kisha mboga yenyewe tunainunua kwa kilichobaki.

Vitunguu, viazi na nyanya za wingi huuzwa pia kwa sado, lile kopo la lita 4. Sado nayo isome vizuri. Tazama kama chini imebonyezwa ndani, na kama muuzaji anaweka kichwa juu au anakata usawa wa mdomo. Ni mchezo ule ule wa lumbesa ya gunia, ila kwa lumbesa anayeumia ni mkulima, na sheria ya vipimo imeikataza. Kwenye sado anayeumia ni wewe.

Na kuomba kuna lugha yake. Ukimwambia mwenye genge "punguza bei," umegusa mtaji wake. Ukimwambia "Dada, niongeze basi moja," hapo kuna mazungumzo, na mteja wa kila siku hakosi nyongeza: nyanya moja, pilipili mbili, kipande cha tangawizi. Genge ni la kujuana. Siku huna kitu, ni huyo huyo atakayekuandika kwenye daftari, nawe ukipata ulipe upesi, maana mtaji wa genge ni mdogo na madeni ya wateja wachache tu yanatosha kulifunga.

Kilichosafiri na kilichotoka hapa

Bidhaa za genge zina njia mbili. Ya kwanza ni ndefu. Viazi mviringo vinatoka Mbeya, Njombe na Iringa. Kabichi na karoti nyingi zinatoka milima ya Lushoto na Mgeta. Nyanya nyingi zinatoka Iringa, hasa Ilula, na vitunguu vinatoka Singida na Ruaha Mbuyuni. Hivi huingia kwanza masoko makubwa ya Dar es Salaam, ndipo wenye magenge wanapovifuata alfajiri na kuvirudisha huku kwa daladala, bajaji au kirikuu. Kila kituo kimeongeza gharama, na kila siku ya safari imepunguza ubora wake.

Njia ya pili ni fupi. Mchicha, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, kisamvu, bamia, nyanya chungu, bilinganya, muhogo, nazi, ndimu, mapapai na maembe, vyote hivi vinalimwa kwetu, kwenye mabonde yenye unyevu na mashamba ya nyuma ya nyumba. Mananasi ya Kiwangwa hayahitaji utambulisho. Mchicha uliong'olewa alfajiri Kerege unaweza kuwa gengeni kabla ya saa mbili asubuhi, mizizi bado ina udongo mbichi.

Misimu huzigeuza njia hizi. Masika, Machi hadi Mei, nyanya zinaoza shambani na barabarani, fungu linakonda, lakini majani yanashamiri kila mahali na fungu la matembele linajaa mikono miwili. Kiangazi mambo yanageuka: nyanya zinamiminika, na mchicha unakuwa wa kumwagilia, kwa hiyo fungu lake linapungua. Wakati huo kisamvu kinasaidia, kwa sababu mhogo unastahimili jua. Kuanzia mwisho wa mwaka maembe na mananasi yanashuka bei hadi yanamwagwa chini.

Halafu kuna Ramadhani, ambayo ni msimu wa peke yake. Muhogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi na nazi vyote hupanda kwa sababu ya futari, hata kama mvua imekuwa nzuri. Anayefuturisha nyumba kubwa afanye mpango na mkulima au na mwenye genge mapema, kabla mwezi haujaandama. Boga la nazi linafuturisha vizuri tu, na bei yake huwa haifuati wenzake kwa kasi ile.

Nyanya zikiwa ghali, upike nini?

Hapa ndipo tunapobishana sana na wasikilizaji, maana wapo wanaoamini kwamba bila nyanya hakuna mchuzi. Lakini wazee wa pwani walikuwa na vitu vingi vya kutia uchachu: ukwaju, embe bichi, birimbi, ndimu. Mchuzi wa samaki kwa ukwaju na tui hauhitaji hata nyanya moja. Embe bichi iliyokatwa vipande ikachemka na nyanya chungu na bamia inatoa uchachu na uzito kwa pamoja. Birimbi hazipatikani kila mahali, lakini mwenye mti wake huwa anazimwaga, muombe. Uzito wa mchuzi unatoka kwenye tui au karanga, siyo lazima kwenye nyanya.

Ukiwa unataka nyanya kwa ajili ya leo tu, angalia masalo, zile zilizolainika au kupasuka zinazouzwa kwa bei ya chini jioni. Kwa kupika usiku huo hazina ubaya. Kata sehemu iliyopondeka. Ila yenye ukungu usiichukue hata ukipewa bure, kwa sababu ukungu unaouona juu una mizizi ndani usiyoiona.

Kuchagua kwa mikono na macho

Mchicha mzuri shina lake linakatika kwa mlio. Likipinda kama kamba, umelala tangu jana. Matundu madogo ya wadudu kwenye majani yasikutishe, mdudu naye hakai kwenye jani lililojaa dawa. Bamia ijaribu kwenye ncha: ikivunjika ni changa, ikipinda ni ngumu na utaitafuna mpaka kesho. Bilinganya liwe linang'aa na kikonyo chake kiwe kijani. Ndimu yenye ganda jembamba na laini ina maji kuliko ile yenye ganda nene la mabonde.

Muhogo omba uvunjwe kidogo. Ndani uwe mweupe, bila mistari ya bluu au nyeusi, na upike ndani ya siku mbili. Nazi itikise karibu na sikio, maji yasikike. Isiyo na maji kabisa na isiyo mbata ina walakini, na yenye unyevu au ukungu kwenye macho matatu yale imeshaingia hewa. Ukikosea ukachukua koroma, utakuna lakini tui litakuwa jepesi.

Liko swali ambalo wengi wanaona aibu kuuliza, nalo ni muhimu kuliko yote: mboga hii imemwagiliwa maji gani? Dar es Salaam, tafiti zilizofanywa kwenye bonde la mto Msimbazi ziliwahi kukuta madini mazito kama risasi kwenye mboga za majani. Kuosha kunaondoa udongo na vijidudu vya nje, lakini madini yaliyopanda kupitia mizizi yanabaki ndani ya jani. Mwenye genge anajua bustani anakochukua. Muulize kwa heshima, kama unavyouliza samaki ameingia lini. Tukiuliza wengi, naye atamuuliza mkulima.

Jikoni

Osha majani kabla ya kukata. Wengi wanakata kwanza, kisha wanaloweka kwenye beseni, na yale maji ya kijani wanayomwaga yameshachukua sehemu ya vitamini. Osha yakiwa mazima kwa maji safi, mara mbili au tatu, mpaka mchanga usisikike chini ya beseni. Ndipo ukate, na usikate saa nyingi kabla ya kupika.

Mchicha wa nazi kwa watu watano unahitaji mafungu matatu ya mchicha, kitunguu kimoja, nyanya mbili au kipande cha embe bichi, nazi moja na chumvi. Kuna nazi, kamua tui zito kikombe kimoja uliweke pembeni, kisha kamua tui jepesi. Chemsha kitunguu na nyanya ndani ya tui jepesi mpaka vilainike. Tia mchicha bila kuongeza maji, maana wenyewe una maji ya kutosha. Baada ya dakika tano mimina tui zito na chumvi, koroga bila kuacha mpaka lichemke ili lisikatike, subiri dakika mbili tatu na uipue. Jani libaki kijani. Likishakuwa la rangi ya kahawia, umepika kupita kiasi na umemaliza mkaa bure.

Matembele yapikwe vivyo hivyo, ukichukua ncha changa, na ndimu ukikaribia kuipua. Majani ya maboga yamenywe nyuzi zake kwanza. Majani ya kunde ni magumu kidogo, yape dakika kumi.

Kisamvu hakifuati sheria ya dakika tano. Majani ya mhogo yana sumu ya asili, sayanidi, na kinachoiondoa ni kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu. Kitwange kwenye kinu mpaka kiwe laini, au nunua kilichosagwa siku hiyo hiyo. Mwanzoni acha sufuria wazi ili mvuke utoke, na kichemke vizuri mpaka kiive kabisa ndipo utie tui au karanga. Mwenye haraka apike mboga nyingine.

Kuhusu magadi: yanalainisha na kuifanya mboga iwe kijani cha kupendeza, lakini yanaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B. Sisi tunashauri yaachwe kwenye majani mateke kama mchicha, ambayo hayahitaji kulainishwa hata kidogo.

Kwa nini tunang'ang'ania majani

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta wanawake takribani 4 kati ya 10 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vinachangia, lakini chakula kina sehemu yake kubwa. Majani ya kijani iliyokolea yana madini ya chuma na foleti, vitu ambavyo mwili unavitumia kutengeneza damu, na foleti inahitajika zaidi kwa mama mjamzito, tena tangu kabla hajajijua kuwa ana mimba.

Chuma cha kwenye majani kina ukaidi wake: mwili hauchukui chote. Ukikamulia ndimu mezani, au ukila na kachumbari, mwili unachukua zaidi. Ukitia dagaa au samaki kidogo kwenye mboga, pia inasaidia. Kinachozuia ni chai. Chai ya rangi au ya maziwa inayonywewa pamoja na chakula inafunga kile chuma kisiingie mwilini, basi isogeze mbele walau saa moja.

Na tui? Majani, karoti, boga, embe na papai vina kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, ya macho na kinga, lakini kinahitaji mafuta kidogo ili kifyonzwe. Kwa hiyo mchicha wa nazi wa bibi ulikuwa sahihi tangu zamani, na mchicha uliochemshwa mkavu kwa ajili ya "kula kiafya" unapoteza. Mafuta kidogo yanatosha, si lazima mboga iogelee.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale walau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Muhogo, viazi na magimbi havimo kwenye hesabu hiyo. Kwa mkono, ni konzi kama tano hivi kwa siku nzima. Ndiyo maana kijiko kimoja cha mchicha pembeni ya mlima wa ugali hakitoshi, na ndiyo maana fungu nene la leo ni la maana kuliko nyanya tatu za bei ya sita.

Kutunza bila friji

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa mboga hilo lilikuwa jema, kwani ndani ya plastiki mchicha unatoka jasho na kuoza usiku mmoja. Nenda gengeni na kikapu. Mchicha wenye mizizi usimamishe kwenye kopo lenye maji kidogo kivulini. Matembele yafunge kwenye kitambaa kibichi. Nyanya zitandaze, zisilaliane. Vitunguu na vitunguu saumu vitundike pakavu, mbali na viazi, kwa sababu vikikaa pamoja vinaharibiana. Tui lililobaki halina namna, halifiki asubuhi bila kuchacha. Kuna nazi ya kutosha sufuria ya leo.

Matunda nayo yana fungu lake. Mananasi yakishuka, nusa kwenye kitako: likinukia utamu liko tayari, likinukia pombe limepita. Likiwa halina harufu, halijaiva, na nanasi likishakatwa shambani haliongezeki utamu hata ukilikalisha. Kabla ya kulimenya lisugue kwa maji safi, kisha maganda usiyatupe. Yachemshe na kipande cha tangawizi kwa nusu saa, chuja, acha yapoe. Unapata jagi la kinywaji cha watoto, na sukari si lazima.